Mwaloni, Daftari ni Macho

Chungu cha chuma, kifuniko cha kukazwa kwa nati, na bomba jembamba lililopinda kuelekea chini. Mchoro wa retoti ndio huo, hauna mengine. Mwenye simu na bando la shilingi mia tano anaupata bure mtandaoni. Fundi wa kuchomelea wa Kahama, aliyezoea kuunda makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, hahitaji hata kuuliza mara mbili.

Kazi ya kifaa hicho nayo inaeleweka. Mchimbaji mdogo akishachanganya zebaki na mchanga wake kwenye karai, hubaki na tonge ambalo karibu nusu yake ni zebaki. Huliweka motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka moto ufike 1064. Moja hupaa, nyingine hubaki. Ukichoma wazi, mvuke unaingia mapafuni mwako na mwa mama anayepika jirani, ukaharibu mishipa ya fahamu na kumdhuru hata mtoto aliye tumboni. Ukichoma ndani ya retoti, mvuke unapita bombani, unapoa, unarudi kuwa zebaki ya kutumika tena.

Sasa mbona moto wa wazi haujazimika? Si kwa kukosa elimu tu. Kati ya 2002 na 2007, mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ulifanya kazi katika nchi sita, Tanzania ikiwamo, na wachimbaji wa Rwamagasa, Geita, walifundishwa kutumia retoti. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, unaotaka uchomaji wa wazi ukomeshwe. Mchoro upo, mafunzo yalikuwapo, mkataba upo.

Jibu liko mwaloni, pale wachimbaji wanapochenjulia dhahabu. Tonge moja lina wenyewe wengi: mwenye duara, yaani shimo, waliochimba, mwenye karasha, na aliyekopesha fedha za chakula. Wote wanataka kuliona linavyogeuka kutoka rangi ya fedha hadi njano. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaloni, daftari ni macho. Ukilifungia tonge ndani ya chuma, umelifunga daftari, na hapo ugomvi hauko mbali. Zipo retoti za kioo zinazoonyesha kila kitu, lakini ni ghali na huvunjika.

Kisha kuna soko. Dhahabu iliyochomwa ndani ya chuma mara nyingi hutoka na rangi ya kahawia, na mnunuzi akiona hivyo ana sababu ya kushusha bei. Kuna pia suala la muda: moto wa wazi ni dakika chache, retoti inabidi ipate moto sawasawa, kisha ingojwe ipoe kabla ya kufunguliwa. Aliyeshinda shimoni hana subira hiyo.

Hata kwa fundi, mchoro huacha mambo. Bomba la maji la chuma la dukani mara nyingi huwa limepakwa zinki, na zinki hiyo lazima iunguzwe kwanza, mahali penye upepo, kabla dhahabu haijaingia. Mdomo wa bomba nao ukizamishwa majini, chuma kikianza kupoa maji hunyonywa hadi kwenye chungu cha moto, na chungu kinaweza kulipuka. Asiyeambiwa hilo atajifunza kwa kuungua.

Lakini ipo michoro iliyofaulu. Huko Malawi, kijana William Kamkwamba aliunda kinu cha upepo mwaka 2002 baada ya kusoma kitabu cha maktaba. Hakukifuata kitabu kipande kwa kipande. Alitumia baiskeli mbovu na miti ya mkaratusi aliyoipata. Aliyeunda ndiye aliyekuwa akilala gizani, kwa hiyo kila kasoro aliijua usiku uleule.

Retoti yetu haina bahati hiyo. Anayeichora yuko mbali, anayeichomelea yuko mjini, anayeikataa yuko mwaloni. Fundi wa Kahama, kabla hujakata bomba la kwanza, nenda ukakae mwaloni siku nzima, uone tonge linavyochomwa na akina nani wanaolizunguka. Kisha waite hao wote wakague chungu kikiwa kitupu, washuhudie tonge likipimwa na kifuniko kikikazwa, na wawepo kitakapofunguliwa. Vipimo vya chuma viko kwenye simu. Kipimo cha kuaminiana hakipakuliwi.