Doa Jeusi Kwenye Picha ya Jino si Lazima Liwe Ugonjwa

Mwananchi anapooneshwa doa jeusi kwenye ncha ya mzizi wa jino lake katika picha ya eksirei, hofu humjia kwamba jino limeharibika na halina budi kung'olewa. Hata hivyo, si kila doa ni ugonjwa.

Katika picha hiyo, mfupa huonekana mweupe, na mahali penye uwazi huonekana peusi. Taya lenye afya lina uwazi wake wa asili. Katika taya la chini, karibu na mizizi ya magego madogo, kipo kitundu kinachopitisha mshipa wa fahamu kuelekea kidevuni na kwenye mdomo wa chini. Kwa kuwa picha ya kawaida ni bapa, vilivyo mbele na nyuma hulaliana. Kitundu hicho huweza kuangukia kwenye ncha ya mzizi na kufanana na mfupa uliolika kwa usaha.

Picha ya pande tatu huondoa utata huo. Mashine huzunguka kichwa cha mgonjwa ikipiga picha nyingi, kisha kompyuta huziunganisha. Daktari hulitazama taya kipande kwa kipande, mithili ya mkate uliokatwa. Kitundu cha asili huonekana kimetengana na mzizi, na mfupa unaouzunguka mzizi ni mzima. Uwazi wa ugonjwa hushikana na mzizi wenyewe.

Tofauti hiyo ina uzito. Ikikosewa, jino zima huweza kung'olewa bure, au uvimbe wa kweli ukaachwa uendelee kula taya kimyakimya.

Pamoja na faida hizo, kipimo hiki hutumia mionzi mingi kuliko picha ndogo ya jino moja, hivyo si cha kila mgonjwa. Daktari huanza kwa kuligusisha jino na kitu cha baridi ili kujua kama lingali hai, kuligonga taratibu, na pengine kurudia picha ya kawaida kwa pembe nyingine. Picha ya pande tatu huagizwa pale shaka inapobaki.

Wananchi wanahimizwa kutunza picha zao za awali kwa ajili ya kulinganisha, kumweleza daktari mapema endapo ni wajawazito, na kuuliza doa lililoonekana ni nini kabla ya kuridhia jino kung'olewa. Jino la ukubwani likishatoka, halioti tena.