Kimea hakitaki moto mkali

WATENGENEZAJI wa busaa katika kaunti za Migori na Homa Bay hawatii kimea cha wimbi katika unga ulio moto, nayo sababu ni nzito. Ndani ya nafaka iliyochipuzwa mna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, ambayo hamira huifanya kileo. Hivyo hustawi kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi. Joto likipita 80 huharibika, na debe zima la nafaka laweza kupotea.

Shayiri ya viwandani haina shida hiyo, kwani wanga wake hulainika kwa joto lilo hilo. Wanga wa mahindi na mtama huhitaji joto zaidi, ambalo hudhuru kimea. Ndiyo sababu unga wa mahindi uliovundikwa hukaangwa kwanza juu ya bati, ukapozwa, kisha ukatiwa kimea na maji. Kazi huendelea polepole kwa siku kadhaa, na uchachu huwa sehemu ya ladha.

Anayependelea utamu hana budi kuudumisha mchanganyiko katika nyuzi 65 kwa saa moja hivi. Kurudisha sufuria motoni ni hatari, maana chini huungua huku juu kukiwa vuguvugu. Heri kuifunika kwa magunia na kuongeza maji moto kidogo kidogo, akikoroga.