Mzazi, tamathali za Kiingereza unazijua tayari

Wengi wetu Waswahili tunaolea watoto hapa Uingereza tuna kawaida moja: mtoto akija na kazi ya hesabu kutoka shule tunakaa naye, akija na ya fasihi ya Kiingereza tunamwambia amsubiri mwalimu wake. Tunaogopa yale maneno: simile, metaphor, personification, irony. Mtoto naye anayakariri kama majina ya dawa, na mtihani wa GCSE unamkuta hivyo hivyo.

Vitu hivyo tunavitumia kila siku, barazani na jikoni. Ukisema fulani ni mrefu kama mnazi, umetumia tashbihi, ndiyo hiyo simile. Ondoa "kama", useme fulani ni mnazi, tayari ni sitiari, yaani metaphor. Ukisema njaa imekuja kubisha hodi, njaa umeipa mkono. Hiyo ni tashihisi, au personification. Tanakali za sauti ni jamaa wa onomatopoeia, ingawa zetu zina upana zaidi: chubwi ni mlio wa kitu kilichoangukia majini, lakini totoro ya giza haina mlio wowote.

Linalosumbua zaidi ni irony, yaani kinaya, maana watoto wengi hudhani ni bahati mbaya tu. Tuchukue tamthilia ya J. B. Priestley, An Inspector Calls, inayosomeshwa katika shule nyingi za England. Ilichezwa mara ya kwanza 1945, lakini hadithi yake imewekwa 1912, kabla ya safari ya Titanic. Bwana Birling, tajiri mwenye kiwanda, anaisifu meli hiyo kuwa haiwezi kuzama, na vita anaona havitakuwapo. Watazamaji wanajua kuwa meli ilizama Aprili 1912 na vita vikaanza 1914. Yeye hajui. Hapo ndipo kinaya kilipo, nacho kinamvunjia Birling heshima kabla mkaguzi hajapiga kengele ya mlango, ili akisema kila mtu ashughulike na yake, tusimwamini.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye maksi. Mtoto akitaja jina la tamathali peke yake hapati mengi; mtahini anataka aelezwe mwandishi amepata nini kwa kuitumia.

Kwenye ushairi tuna mtaji mkubwa, ila una mtego. Waliokulia na malenga wa redioni wanazijua mizani 16 za mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao, kila silabi ikihesabiwa sawa. Mshororo wa kawaida wa Shakespeare una silabi 10, lakini Mwingereza haishii kwenye kuhesabu. Anasikiliza mkazo: silabi nyepesi, kisha nzito, mara 5.

Basi mwache mtoto asome kwa sauti huku akigonga meza kwenye silabi nzito. Akifika kwa wachawi wa Macbeth, mkono wake utapotea njia. Wachawi hao mishororo yao ni mifupi na kwa kawaida huanza na silabi nzito. Hawasemi kama watu wengine wa tamthilia hiyo, na mtoto ataisikia tofauti hiyo kabla hajaambiwa jina lake.