Kamera mpya si dawa ya jua la Same

MPIGAPICHA anayetega kamera yake kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha, mjini Same, saa sita mchana, hukutana na tatizo linalogusa mfuko wake. Tambarare inawaka jua, wakati makorongo ya Milima ya Pare yamejaa kivuli kizito. Akipima mwanga kwa kufuata anga, mlima unatoka mweusi kama mkaa. Akipima kwa kufuata mlima, anga linakuwa jeupe kama karatasi na mawingu yote yanapotea.

Wengi wanaopiga picha kwa kujifurahisha hukimbilia dukani wakiamini kwamba dawa ya tatizo hilo ni kamera mpya. Hapo ndipo mtaji mdogo unapoanza kuyeyuka. Dawa ya jua hilo inajulikana kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya dawa hiyo haiuzwi pamoja na kamera.

Upana wa mwanga hupimwa kwa hatua, na kila hatua moja ni mwanga mara mbili ya ile iliyotangulia. Mandhari yenye jua kali na kivuli kizito inaweza kupita hatua 14. Kamera nyingi za kidijitali zenye lenzi za kubadilisha humudu kati ya hatua 11 na 14, iwapo picha itahifadhiwa katika faili ghafi, yaani lile linaloandikwa RAW kwenye kamera. Picha iliyochapwa kwenye karatasi huonyesha hatua chache zaidi ya hizo. Kwa hiyo hata aliyenunua kamera ya bei kubwa kuliko zote dukani bado anatakiwa kuubana mwanga huo ili utoshee kwenye karatasi. Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua anachofanya.

PICHA TATU KWA MOJA

Njia inayotumika inajulikana kwa herufi HDR, ambazo wenye simu za kisasa wameziona kwenye kioo. Mpigapicha huweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu na kupiga picha tatu za mandhari ileile: moja yenye giza kwa hatua mbili, moja ya kawaida, na moja iliyozidishwa mwanga kwa hatua mbili. Programu ya kompyuta huchukua anga kutoka ile ya giza, kivuli cha mlima kutoka ile ya mwanga mwingi, na kuziunganisha kuwa picha moja.

Wazo hilo si geni. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya anga, kwa sababu kioo cha wakati huo hakikuweza kubeba vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha hesabu za kuunganisha picha za kawaida ili kupata kipimo kamili cha mwanga wa mahali. Programu ya Photomatix ilitoka mwaka 2003, na Photoshop ikaingiza huduma hiyo mwaka 2005. Apple iliiweka ndani ya simu zake mwaka 2010.

Jambo la kuzingatia kwa mwenye fedha kidogo ni kwamba hesabu hizo hazibagui kamera. Kamera ya mwaka 2010 yenye uwezo wa kupiga picha tatu mfululizo, ikiwa juu ya stendi imara, inaweza kuubeba mwanga wote wa Same uliomshinda mwenye kamera mpya anayepiga picha moja akiwa ameishika mkononi.

SOKO LIMEGEUKA

Takwimu za CIPA, jumuiya ya watengenezaji kamera yenye makao yake Japani, zinaonyesha kwamba mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120. Kufikia mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni nane. Simu ndizo zilizolichukua soko la kamera ndogo za mfukoni. Viwanda vilivyobaki vimehamia kwenye kamera za bei ya juu, ambako faida kwa kila kamera ni kubwa zaidi.

Mabadiliko mengine yalikuja mwaka 2018, pale Canon na Nikon walipoanzisha mifumo mipya ya lenzi, RF na Z, kwa ajili ya kamera zisizo na kioo cha ndani. Wapigapicha wengi wa nchi tajiri walianza kuuza kamera zao za zamani ili kuhamia huko. Lenzi za Canon za mfumo wa EF, ulioanza mwaka 1987, na zile za Nikon za mfumo wa F, ulioanza mwaka 1959, zikamiminika katika soko la mitumba. Hata hivyo, lenzi hizo hazijafa. Viwanda vyenyewe vinauza viunganishi vinavyoziwezesha kufanya kazi kwenye kamera mpya, ingawa baadhi ya zile kongwe za Nikon hupoteza uwezo wa kulenga zenyewe.

Kwa mnunuzi wa Same, maana yake ni moja. Bodi ya kamera hushuka thamani kila toleo jipya linapotangazwa, lakini lenzi nzuri hushuka polepole. Fedha ikiwa ni ya kugawanya, lenzi na stendi zipewe fungu lake kwanza.

Historia ya biashara hii ina onyo. Kodak, ambayo mhandisi wake Steven Sasson alitengeneza kamera ya kidijitali mwaka 1975, iliomba kinga ya ufilisi Januari 2012. Wenye studio waliofunga mitaji yao katika mashine za kusafisha filamu walijikuta na vyuma visivyokuwa na mnunuzi. Tofauti na hao, studio ya Capital Art ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imebaki ikitajwa kwa sababu ya hazina ya picha zake za zamani. Kamera zilizopiga picha hizo zimepitwa na wakati siku nyingi.

VUMBI CHINI, UKUNGU JUU

Same ina hali mbili za hewa ndani ya wilaya moja, na zote mbili ni adui wa vifaa. Mji wenyewe na tambarare za kuelekea Makanya na Mkomazi ziko upande wa mlima usiopata mvua nyingi. Vumbi la huko huingia kwenye kihisi cha mwanga kila lenzi inapobadilishwa nje. Juu milimani, kuelekea Chome na msitu wa Shengena, ambao kilele chake kinapita meta 2,400, hewa ni ya unyevu na ukungu. Lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi au kabati lenye unyevu huota kuvu ndani ya vioo. Kuvu hiyo ikishakula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, hakuna fundi anayeirudisha.

Anayenunua mtumba afanye ukaguzi huu kabla ya kutoa hata senti. Aifungue lenzi hadi mwisho na kuimulika kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi kama za utando wa buibui ndiyo kuvu. Apige picha ya ukuta mweupe au anga tupu, tundu la lenzi likiwa limebanwa, kisha aikuze ili aone madoa ya vumbi. Aidha, adai kujua shata imepiga mara ngapi. Kamera nyingi za daraja la kati hutengenezwa kwa makadirio ya shata 100,000 hadi 150,000, na zile za kitaaluma zaidi ya hapo. Bodi iliyokwishapita kiwango hicho inaweza bado kufanya kazi, lakini bei yake lazima iseme hivyo.

Dawa ya kuvu ni ya bei rahisi: ndoo au kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu kama vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele, ambao wengine huutumia, una vumbi lake na haushauriwi. Mwenye duka anayeuza vifaa vya simu anaweza kuongeza makopo hayo, betri za akiba, memori kadi na stendi, vitu vinavyozunguka haraka kuliko bodi ya kamera inayokaa kabatini ikisubiri mteja mmoja.

HESABU YA WAWILI

Chukua mfano wa watu wawili wenye sh. 2,400,000 kila mmoja. Bei hizi ni za kufanyia hesabu, si za duka lolote. Wa kwanza ananunua bodi mpya kwa sh. 2,000,000 na lenzi ndogo kwa sh. 400,000, fedha ikaisha. Wa pili ananunua bodi ya mtumba kwa sh. 800,000, lenzi pana kwa sh. 700,000, stendi imara kwa sh. 250,000, na betri na kadi kwa sh. 150,000. Anabaki na sh. 500,000 mkononi.

Tuseme baada ya miaka mitatu kila bodi imepoteza nusu ya thamani yake, na kila lenzi robo. Wa kwanza amepoteza sh. 1,100,000, wa pili sh. 575,000. Kama kila kazi inaacha faida ya sh. 25,000, wa kwanza anahitaji kazi 44 kufidia hasara hiyo, na wa pili kazi 23. Ikiwa fedha ilikuwa ya mkopo, riba inakuja juu ya hizo. Anayepiga picha kwa kujifurahisha tu, bila mteja, hafidii chochote, hivyo kwake tofauti ya sh. 525,000 ni fedha iliyokwenda moja kwa moja.

KAZI INAYOLIPA NA ISIYOLIPA

HDR haifai kila mahali, na hapa wengi huumia. Picha tatu zikiunganishwa, chochote kilichotembea kati ya moja na nyingine huacha kivuli chake kama mzimu. Bibi harusi anayecheka, watoto wa kipaimara wanaoingia kanisani, na mbwa mwitu wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, wote hawasimami kusubiri picha tatu. Kwa shughuli za Desemba, wenyeji wanaofanya kazi Dar es Salaam na Arusha wanaporudi makwao, flashi nzuri na kivuli cha mti vinasaidia zaidi.

Njia hii hulipa pale ambapo kitu hakitembei. Chumba cha nyumba ya wageni chenye dirisha linalotazama mlima ni mfano bora: kwa picha moja, ama chumba kinakuwa giza ama dirisha linakuwa jeupe. Wenye gesti wanaotafuta wageni wa Mkomazi, madalali wa nyumba na viwanja, makanisa na misikiti inayotaka picha za majengo yao, hao ndio wateja wa HDR. Mandhari ya milima yenyewe yanafaa pia, ilimradi upepo umetulia na majani hayachezi.

Mteja pia ana macho. Picha iliyokorezwa mpaka mawingu yakawa kama moshi wa tairi na nyasi zikang'aa kijani ambacho hakijawahi kuota Same inamfukuza mnunuzi. Baadhi ya vichujio vya simu vyenye jina la HDR huongeza ukali huo tu juu ya picha moja, na haviwezi kurudisha anga lililokwishapotea. Mwenye gesti akipeleka picha ya namna hiyo sokoni, mgeni atakayefika na kukuta chumba tofauti atadai punguzo.

Kwa upande wa programu, gharama inaweza kuwa sifuri. Darktable na Luminance HDR hupatikana bure na kwa halali. Adobe iligeukia mfumo wa malipo ya kila mwezi mwaka 2013, gharama ambayo mwenye kazi mbili au tatu kwa mwezi anapaswa kuipima kwa makini.

Hali kadhalika, kuna gharama za kisheria zisizoandikwa kwenye kamera. Upigaji picha wa kibiashara ndani ya hifadhi za taifa una vibali na ada zake TANAPA, tofauti na kiingilio cha mtalii wa kawaida, na ndege zisizo na rubani haziruhusiwi humo bila kibali. Kwa upande mwingine, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mpigapicha haki juu ya kazi yake. Makubaliano na mwenye gesti yaandikwe: picha ngapi, zitumike wapi, kwa muda gani.

Mwenye nia ya kununua kabla ya msimu wa mwisho wa mwaka anashauriwa kufanya jaribio moja lisilo na gharama. Aazime stendi, aweke kamera au simu aliyo nayo sasa, na kupiga picha tatu za Milima ya Pare jua likiwa kali, kisha aziunganishe kwa programu ya bure. Picha ikitoka na mlima na mawingu yake, sababu ya kwenda Kariakoo na sh. 2,400,000 itakuwa imepungua sana.