Mtungi Uliolala Ifrane

Desemba 2025 nilikwenda Morocco kuishangilia Taifa Stars. Kesho yake baada ya mechi na Nigeria pale Fes, nikapanda Ifrane, mji wa mlimani ulio zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kambini nikakuta safu ya magari-nyumba, yale yenye kitanda, jiko na choo humo humo, yakiwa na namba za Ufaransa na Ujerumani. Kando ya moja, mama mmoja aliyejitanda kanga juu ya koti zito alikuwa amepiga magoti mbele ya mtungi wa gesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Nishikie tochi kwanza, salamu baadaye."

Ni mzaliwa wa Tanga, muuguzi mstaafu aliyeishi Ujerumani miaka zaidi ya 30. Kila theluji ikianza huko, anaendesha hadi Algeciras, anavuka kwa feri mpaka Tanger Med, kisha anateremka taratibu kuelekea jua la Agadir. Yeye anaruhusiwa kukaa siku 90. Gari lake, miezi sita.

Usiku ule jiko lilikataa kuwaka na hita ikazima, ilhali mtungi ulikuwa umejaa.

"Umejaa, lakini umelala," akasema. "Hii ni butani. Joto likishuka chini ya nusu nyuzi hasi, inabaki kimiminika, haipandi. Propani ya kwetu kule inavumilia mpaka hasi 42."

Mtungi wake wa kijivu wa Ujerumani, wa kilo 11, ulikwisha njiani, akakosa pa kuujaza, ndipo akanunua huu wa Morocco. Akanionyesha kopo la biskuti lenye viunganishi vinne vya shaba, kila kimoja na mdomo wake. Alivipangusa kwa ncha ya kanga, kimoja kimoja, kama mtu apangusaye vito. Mtungi wa nchi hii haukubali mdomo wa nchi ile.

Nikashauri tuufunike mtungi blanketi.

"Hapana, baba. Gesi ili ichemke inakunywa joto la nje. Ukiufunika umeunyima. Na moto usiusogeze kabisa, utatuua."

Kulipokucha tukausogeza juani, wima, tukasubiri.

Ndipo akanieleza linalomkera. Mtungi wa kilo 12 ni dirhamu 50. Hadi Mei 2024 ulikuwa 40. Kiasi kingine serikali inalipa, ili kaya za Wamorocco zipike.

"Ruzuku ya mama wa hapa, mimi mstaafu wa Ulaya naila. Nilipe zaidi? Nimlipe nani?"

Sikuwa na jibu. Wala sikuwa nalo kwa swali la kijana aliyembebea mtungi ule, aliyemuuliza jinsi ya kupata viza ya Ujerumani. Mlango wa Gibraltar, pale unapobana sana, ni kilomita 14 tu. Mama huyu huuvuka kila mwaka. Alimwambia kijana ajaribu, na hata sasa hajui kama alimtendea haki.

Jua lilipoukolea mtungi, akapaka povu la sabuni kwenye kiungio, akainama kutazama. Hakuna povu lililovimba. Akawasha. Mwali ukatoka mdogo, wa buluu, ukitetemeka. Akateleka sufuria ya chai, iliki kwanza, na saa nne kasorobo ikachemka.