Jua la Burat na Ngozi ya Mchungaji
Tusemapo jua ni kali, aghalabu hukusudia joto. Kumbe kiunguzacho ngozi ni miale ya urujuanimno, nayo hupenya hata mawingu. Huko Burat, Kaunti ya Isiolo, karibu na Ikweta, mchungaji mwenye ualbino, ambaye ngozi yake ina melanini haba, huweza kuungua siku yenye upepo baridi asitambue. Na kila aunguapo, hatari ya saratani ya ngozi huongezeka. Basi ajikinge kwa kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi, na kivuli tangu saa nne hadi saa kumi. Akiungua, ngozi ipozwe kwa maji baridi, si barafu wala samli, malengelenge yasitumbuliwe. Akishikwa na homa, apelekwe zahanati. Wahenga walinena: tahadhari kabla ya athari.