Kuhama na mbwa au paka nje ya nchi: maandalizi huanza kabla ya kukata tiketi

Katikati ya mwezi Januari, mama mmoja mkazi wa Halmashauri hii alifika katika ofisi ya mifugo ya kata yake akiwa na watoto wawili, mbwa aitwaye Popi, na tiketi za ndege za mwishoni mwa Machi. Mumewe alikuwa ametangulia Uholanzi kikazi. Nyumba ya kupanga ilikuwa imepatikana, shule za watoto zimepatikana, na viza zimetoka. Kilichobaki, kwa maelezo yake, kilikuwa ni "karatasi ya mbwa" tu. Aliamini kuwa ni shughuli ya siku moja, kama kibali anachopewa mtu anayepeleka mbuzi mnadani.

Ofisa Mifugo alipoifungua kadi ya Popi alikuta amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa mwaka uliotangulia, wakati wa kampeni ya chanjo katani. Chanjo ile ilikuwa halali na muda wake haujaisha. Hata hivyo, kwa safari ya Uholanzi haikuhesabika, na hapakuwa na njia yoyote ya halali ya kumpandisha Popi ndege ya Machi. Watoto waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri ndio waliolielewa jibu hilo mapema kuliko mama yao.

Kisa hiki si cha peke yake. Wakazi wanaohama kwa ajili ya kazi, masomo au ndoa wanaongezeka, na wapo miongoni mwao wenye mbwa na paka ambao kwao ni sehemu ya familia. Wengi hufika ofisini wakiwa wamechelewa, si kwa uzembe, bali kwa sababu hakuna aliyewaeleza kuwa mnyama huchukua muda mrefu zaidi kuandaliwa kuliko binadamu.

Chanzo cha ugumu wote huu ni ugonjwa mmoja. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyoshambulia ubongo, na dalili zikishaonekana, kwa binadamu au kwa mnyama, mgonjwa karibu daima hufariki. Zaidi ya asilimia 95 ya watu wanaoupata huambukizwa na mbwa. Nchi nyingi za Ulaya zimeudhibiti ugonjwa huu kwa mbwa, na hazitaki urudi kwa mlango wa uwanja wa ndege. Tanzania bado ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo. Kwa hiyo mbwa anayetoka hapa hapokelewi kwa kuangaliwa tu kama ana afya, kwa kuwa mnyama aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki au miezi kadhaa bila kuonyesha dalili yoyote. Wanachokitaka ni uthibitisho wa maabara, pamoja na muda wa kusubiri unaotosha kujitokeza kwa ugonjwa uliojificha.

Hatua ya kwanza ni utambulisho. Mnyama huwekewa chini ya ngozi ya shingo chipu ndogo inayokaribia ukubwa wa punje ya mchele. Chipu hiyo haina betri wala haionyeshi mahali mnyama alipo, kama baadhi ya watu wanavyodhani. Hubeba namba tu, ambayo husomwa kwa kifaa maalumu. Iwe ni ya kiwango cha kimataifa cha ISO, ambacho namba zake ni tarakimu 15, ili isomeke huko iendako.

Hapa ndipo Popi alipokwama. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka chipu iwekwe kabla ya chanjo, au siku ileile ya chanjo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, kwa sababu hakuna njia ya kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu aliyesimama mbele ya ofisa wa forodha. Kadi iliyoandikwa "mbwa, dume, rangi ya kahawia" inaweza kuwa ya nusu ya mbwa wa tarafa nzima. Popi aliwekewa chipu na kuchanjwa upya tarehe 15 Januari, na hesabu ikaanza sifuri.

Baada ya chanjo hufuata kipimo cha damu. Damu huchukuliwa zikiwa zimepita siku zisizopungua 30 tangu siku ya chanjo, na hupimwa kiasi cha kingamwili kilichojengeka mwilini. Kiwango kinachokubalika ni angalau yuniti 0.5 za kimataifa kwa kila mililita moja. Kipimo hiki hakifanywi katika maabara yoyote tu. Ni lazima iwe katika orodha ya zilizoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, ambazo mfano wake ni maabara ya Nancy nchini Ufaransa. Sampuli hutenganishwa, hutunzwa kwenye baridi na kusafirishwa ikiwa na nyaraka zake, na hapo mwenye mnyama anapaswa kujiandaa kwa gharama. Wapo mbwa ambao kiwango chao hakifiki baada ya dozi moja. Hao huchanjwa tena na kupimwa tena, na ndiyo maana baadhi ya madaktari hupendekeza dozi ya pili kabla ya kuchukua damu.

Majibu yakiwa mazuri, safari bado. Ni lazima ipite miezi 3 tangu siku damu ilipochukuliwa, si tangu siku majibu yalipotoka. Damu ya Popi ilichukuliwa tarehe 14 Februari, hivyo tarehe ya mapema kabisa ya kuingia Uholanzi ikawa 14 Mei. Mtu anayetaka kujua ratiba yake anaweza kufanya hesabu hiyohiyo: siku 30, kisha miezi 3, jumla kama miezi 4 bila kuweka akiba ya kuchelewa. Kwa mtoto wa mbwa au wa paka muda ni mrefu zaidi, kwa kuwa hawezi kuchanjwa chanjo hii kabla ya kutimiza wiki 12. Akichanjwa siku hiyohiyo, atakuwa na umri unaokaribia miezi 7 ndipo aruhusiwe kuingia.

Ipo faida moja kwa wenye subira. Mnyama aliyefaulu kipimo hicho hahitaji kupimwa tena kwa ajili ya Ulaya, mradi chanjo zake za marudio hazikupitiliza muda hata kwa siku moja. Anayedhani kuwa huenda atahama mwaka ujao au mwaka mtondo hapotezi kitu kwa kuanza sasa.

Kanuni nyingine ambayo wengi hawaijui inahusu msafiri mwenyewe. Ili mnyama ahesabiwe kuwa wa familia na si wa biashara, mwenye mnyama na mnyama wake wanapaswa kusafiri katika muda usiotofautiana kwa zaidi ya siku 5. Kumwacha mbwa kwa bibi na kumwagiza jirani amlete baada ya miezi miwili humwingiza mnyama katika taratibu za biashara, ambazo ni ngumu zaidi. Familia ya Popi ililazimika kupanga upya. Mama na watoto waliondoka Machi kama tiketi zilivyosema, mbwa akabaki kwa bibi yao, na baba akaisogeza likizo yake hadi mwishoni mwa Mei ili arudi kumchukua mwenyewe.

Masharti haya hayafanani kila mahali. Uingereza inataka chipu, chanjo, kipimo cha damu na miezi 3 ya kusubiri vilevile. Zaidi ya hayo, mbwa lazima apewe dawa ya tegu na daktari kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia, na wanyama wa kawaida hawaruhusiwi kuingia kwa ndege wakiwa ndani pamoja na abiria. Hupitia njia ya mizigo kwa mashirika na vituo vilivyoidhinishwa. Marekani ilibadili kanuni zake tarehe 1 Agosti 2024: mbwa awe na umri usiopungua miezi 6, awe na chipu na fomu ya kuingizia. Anayetoka katika nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, Tanzania ikiwemo, huongezewa cheti cha chanjo kilichothibitishwa na daktari wa serikali, na hupokelewa katika viwanja vya ndege vyenye kituo maalumu cha kuhudumia wanyama. Asiye na kipimo cha damu kutoka maabara iliyoidhinishwa huwekwa karantini ya siku 28 kwa gharama ya mwenyewe. Japani husubirisha siku 180 tangu damu ilipochukuliwa. Australia haipokei kabisa mbwa au paka anayetoka moja kwa moja katika nchi kama yetu. Humlazimu kwanza kuandaliwa katika nchi nyingine inayokubaliwa nayo. Kwa majirani zetu wa Afrika Mashariki taratibu ni fupi zaidi, lakini kibali cha kuingiza mnyama, chanjo na cheti cha afya bado vinatakiwa mpakani.

Jambo la kuuliza mapema ni aina ya mbwa. Baadhi ya nchi, zikiwemo Uingereza na Umoja wa Falme za Kiarabu, zimepiga marufuku aina kama pitbull, na hakuna chanjo wala cheti kinachoondoa marufuku hiyo. Kwa upande mwingine, si kweli kwamba ni mbwa wa "kizungu" pekee anayesafiri. Mbwa wa kienyeji, yule anayeitwa kwa dharau mbwa koko, ana haki ileile mbele ya kanuni hizi, na Popi ni mmoja wao. Wanyamapori ni suala tofauti kabisa. Kobe, kima au ndege wa porini aliyekulia uani hageuki kuwa wa kufugwa kwa sababu watoto wamempa jina. Hao wako chini ya sheria ya uhifadhi wa wanyamapori, na kumsafirisha mmoja wao bila kibali ni kosa.

Kwa wakazi wa Halmashauri, mlango wa kuingilia ni Ofisa Mifugo wa Kata. Yeye hukagua kadi ya chanjo na kumwelekeza mwombaji kwa Daktari wa Mifugo wa Wilaya, na kutoka hapo maombi ya kibali cha kumtoa mnyama nchini hupelekwa wizara inayohusika na mifugo. Cheti cha afya cha kimataifa hutolewa mwishoni, baada ya mnyama kukaguliwa, na husainiwa na daktari wa serikali. Saini ya daktari binafsi peke yake haitoshi, hata kama ndiye aliyemtibu mnyama tangu utotoni. Kwa Ulaya, cheti hicho lazima kiwe kimetolewa ndani ya siku 10 kabla ya mnyama kufika, kwa hiyo anayekitafuta mwezi mmoja kabla ya safari atarudishwa.

Kuna ombi ambalo maofisa hulisikia na ambalo jibu lake ni moja: kurudisha nyuma tarehe ya chanjo ili "kuokoa safari". Tarehe ya chipu, tarehe ya chanjo na majibu ya maabara hulinganishwa kituoni wakati wa kuingia. Zisipolingana, mnyama anaweza kurudishwa alikotoka, kuwekwa karantini, au, pasipokuwa na njia nyingine, kuuawa. Anayelipa gharama ya tarehe ya uongo ni mbwa.

Kuhusu safari yenyewe, mashirika ya ndege hufuata kanuni za IATA za usafirishaji wa wanyama hai. Kizimba kiwe kikubwa kiasi cha kumwezesha mnyama kusimama bila kugusa juu, kugeuka na kulala kwa namna yake ya kawaida. Kiwe na matundu ya hewa pande zote, na chombo cha maji kinachojazwa kutoka nje bila kufungua mlango. Dawa ya usingizi haishauriwi, kwa sababu huweza kushusha pumzi na msukumo wa damu mnyama akiwa mahali ambapo hakuna wa kumwangalia. Mbwa na paka wenye pua bapa, kama pug au paka wa Kiajemi, hupata shida ya kupumua, na baadhi ya mashirika huwakataa. Mbwa wengi wa hapa kwetu hulala uani na hawajawahi kufungiwa. Kizimba kiletwe nyumbani wiki kadhaa kabla, na mnyama alishwe ndani yake mlango ukiwa wazi hadi akizoee.

Wapo watakaosoma haya yote na kuona kuwa hawawezi. Mbwa mzee, mgonjwa au mwoga kupita kiasi huenda akaumizwa zaidi na safari kuliko na kutengana, na gharama ya kipimo, kizimba na mzigo wa ndege huweza kuzidi nauli ya mwenye mbwa. Hakuna aibu katika kumwacha. Aibu iko katika namna ya kumwacha. Kila mwaka wapo mbwa wanaobaki kwenye mageti ya nyumba zilizohamwa, wakilishwa wiki ya kwanza na mlinzi, kisha wakiingia mitaani kutafuta jalala. Muda wa chanjo yao ukiisha hakuna wa kuwapeleka kuchanjwa, na njia za watoto wa shule hupita palepale. Shirika la Afya Duniani hushauri asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili kuzuia maambukizi, na kila mbwa asiye na mwenyewe huifanya hesabu hiyo iwe ngumu kufikiwa. Anayehama bila mnyama wake amtafutie mwenyeji kabla ya kuondoka, amkabidhi pamoja na kadi ya chanjo, na amjulishe Ofisa Mifugo wa Kata jina la mmiliki mpya. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, awe wa kufahamika au asiwe, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Popi aliondoka mwishoni mwa Mei kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, akiwa na baba, cheti chenye umri wa siku nne, na kipande cha khanga ya bibi kilichotandikwa ndani ya kizimba. Bibi hakwenda uwanjani. Alisema amekwisha kumzoea.

Huduma ya ushauri hutolewa katika ofisi za mifugo za kata siku za kazi. Mwombaji aje na kadi ya chanjo, jina la nchi anayokwenda na tarehe anayotarajia kusafiri, na amlete mnyama mwenyewe akiwa amefungwa kamba au ndani ya kikapu.